Kumtambua kereng'ende wa jenasi Pantala: soma bawa, si rangi

Vuli ikinyesha Mombasa na kaskazi ikashika, viwanja vya wazi hujaa kereng'ende wa manjano wanaozunguka kwa makundi bila kutua. Mara nyingi huwa Pantala, lakini rangi peke yake si ushahidi: dume aliyekomaa huwa mwekundu mgongoni, na aliyekufa hufifia. Mishipa ya bawa haibadiliki.

1. Mshike. Mchana utamkimbiza bure. Nenda alfajiri au jioni, umtafute kwenye vijiti. Hutua kwa kuning'inia wima. Wavu wenye mdomo wa sentimita 40 unatosha. Mpige kutokea nyuma, kisha pindua wavu ili mdomo uzibe. Yakutanishe mabawa yote manne juu ya mgongo, uyabane kwa vidole viwili. Usimshike tumbo, litakatika.

2. Piga picha. Karatasi nyeupe chini, rula kando: uso, mgongo, ubavu, na bawa la nyuma likiwa limekunjuliwa hadi shinani. Watu wengi hupiga mgongo tu, na picha hiyo haimalizi ubishi. Kisha mwachie aende zake.

3. Familia. Macho yanagusana juu ya kichwa? Yakiwa mbalimbali, si Pantala. Sasa kuza picha utafute pembetatu ndogo ya mishipa karibu na shina la kila bawa. Katika familia ya Libellulidae, ambayo ndiyo ya Pantala, ya bawa la mbele imekaa kukingama na urefu wa bawa, ya nyuma imelala kufuata urefu huo. Zikiwa zimelala sawa zote mbili, huenda umemshika wa familia nyingine, Aeshnidae, ambao macho yao pia hugusana. Thibitisha kwa kundi la vijumba (nafasi ndogo zilizozungukwa na mishipa) kwenye shina la bawa la nyuma: kwa Libellulidae lina umbo la kiatu.

4. Jenasi. Hapa ndipo wengi hukosea. Pantala ana bawa la nyuma pana mno shinani, na doa la karibu na ncha ni refu zaidi kwenye bawa la mbele kuliko la nyuma. Tramea, jenasi nyingine ya familia hiyo, naye yuko hivyo hivyo. Tofauti iko shinani mwa bawa la nyuma: Tramea ana baka jeusi au la hudhurungi iliyokolea, Pantala wetu hana, ana umanjano hafifu tu. Baka hilo hufichika mabawa yakikunjwa, ndiyo maana hatua ya pili haina njia ya mkato.

5. Spishi na jina. Jenasi hii, iliyotajwa na mtaalamu wa wadudu Hagen mwaka 1861, ina spishi mbili. *Pantala hymenaea* ni wa Amerika, mwenye doa jeusi kwenye bawa la nyuma. Wa Afrika ni mmoja, kwa hiyo andika: *Pantala flavescens* (Fabricius, 1798). Mabano usiyaache, yanaonyesha kwamba Fabricius, aliyempa jina la spishi mwaka huo, alimweka kwanza katika jenasi nyingine, Libellula. Ongeza tarehe, mahali, saa na upepo unaovuma.