Jinsi ya kupima kifaa cha bei nafuu cha kuchezea michezo ya zamani

Anayetafuta kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo ya miaka ya 1980 na 1990 hukutana kwanza na tangazo linalojivunia maelfu ya michezo iliyokwisha kuwekwa ndani. Idadi hiyo haisemi lolote kuhusu ubora wa kifaa. Tetris ya Game Boy (kifaa cha mkononi cha Nintendo), iliyotoka mwaka 1989, ina ukubwa wa kilobaiti 32 tu, kwa hiyo kujaza kadi ya memori kwa michezo ya aina hiyo hakumgharimu muuzaji chochote cha maana, na mara nyingi michezo yenyewe imenakiliwa bila idhini ya wenye haki. Kinachostahili kupimwa ni kifaa chenyewe.

Amua kwanza unataka kucheza michezo ya mashine zipi. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, hulazimika kutafsiri kila amri ya prosesa ya asili na papo hapo kuiga chipu zake za picha na sauti, ndiyo maana huhitaji nguvu nyingi kuliko mashine inayoigwa. Miyoo Mini Plus, kifaa kidogo cha mkononi cha mwaka 2023 chenye ramu (memori ya kufanyia kazi) ya megabaiti 128, huicheza vizuri michezo ya Game Boy, Super Nintendo, Mega Drive na hata mingi ya PlayStation ya kwanza. Kifaa kingine, Anbernic RG35XX H, iliyofuata mwaka 2024 ikiwa na gigabaiti moja ya ramu, husogea mbele zaidi, lakini ikifika kwenye Nintendo 64 baadhi ya michezo huenda sawa na mingine husuasua. Tangazo likiahidi kwamba kifaa cha bei nafuu huendesha kila kitu, ningeliamini kwa Super Nintendo na kulitilia shaka kwa mashine zilizokuja baada ya PlayStation.

Baada ya hapo chukua kalamu upige hesabu ya skrini, kwa kuwa wanunuzi wengi huuliza ukubwa wa inchi na kusahau pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha. Vifaa vyote viwili nilivyotaja vina skrini ya inchi 3.5 yenye pikseli 640 kwa 480. Michezo mingi ya PlayStation ilichorwa kwa pikseli 320 kwa 240, hivyo kila pikseli hukuzwa mara mbili kamili na picha hujaa skrini yote. Picha ya Game Boy, yenye pikseli 160 kwa 144, hukuzwa mara tatu ikawa 480 kwa 432, na pembeni hubaki ukingo mweusi usiosumbua. Game Boy Advance ndiyo yenye matatizo: picha yake ya 240 kwa 160 ikitanuliwa hadi kujaza upana wa 640 hukuzwa mara 2.67 hivi, na kwa kuwa pikseli haiwezi kugawanywa vipande, baadhi ya safu hunenepa kuliko nyingine, nawe utaona mandhari yakimetameta kila mhusika anapotembea. Unaweza kulainisha picha kwa kichujio, au kukubali kuikuza mara mbili tu katikati ya ukingo mpana. Lakini ikiwa Game Boy Advance ndiyo mapenzi yako makuu, tafuta skrini ya 720 kwa 480, kama ile ya kifaa cha Anbernic RG34XX, ambayo huikuza mara tatu kamili bila kuacha ukingo.

Sasa vitufe, na hapa naomba usiwe na haraka. Kitufe cha mwelekeo kibovu huharibu kila mchezo, hata prosesa iwe na nguvu kiasi gani. Fungua mchezo wa kupigana, shikilia kushoto, kisha tikisa kidole gumba taratibu juu ya kitufe bila kukiachia: mhusika akichuchumaa, kifaa kinasoma chini wakati wewe umebonyeza kushoto. Rudia kwa upande wa kulia. Halafu chagua mchezo wa kupigana wenye mapigo yanayohitaji robo duara, yaani kuviringisha kidole kutoka chini hadi upande, ujaribu pigo moja mara ishirini kila upande. Niliwahi kumiliki kifaa chenye skrini nzuri sana ambacho kilikosea karibu nusu ya majaribio hayo, na baada ya wiki mbili sikukishika tena. Angalia pia kama unahitaji fimbo za analogi, yaani vijiti vya kusukumwa kila upande: Miyoo Mini Plus haina hata moja, ilhali Ape Escape, mchezo wa PlayStation wa mwaka 1999, haichezeki bila fimbo mbili.

Kwa kasi, yatumie masikio yako. Mashine nyingi za zamani zilizouzwa Japani na Marekani zilitoa takriban fremu (picha) 60 kwa sekunde, na emuleta ikizidiwa, sauti huanza kukwaruza hata kabla jicho halijagundua kasoro. Usijaribu kwa mchezo mwepesi. Star Fox ya Super Nintendo, ya mwaka 1993, ilibeba chipu ya ziada, Super FX, ndani ya katriji yake, na emuleta lazima iiige hiyo pia. Ukicheza robo saa na muziki ukabaki safi, michezo mingine mingi ya Super Nintendo haitakusumbua.

Betri ipime kwa saa halisi za kucheza, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Jaribu kuchaji kwa waya uliokuja nao na kwa chaja ya simu yako, maana baadhi ya vifaa vya bei hii hukataa waya wenye ncha za USB-C pande zote mbili. Kadi ya memori inayokuja na kifaa aghalabu ni ya ubora duni, kwa hiyo nakili yaliyomo kwenye kadi nyingine ya kuaminika siku hiyohiyo, kabla hujaanza kuhifadhi hatua ulizofikia katika michezo yako.