Mambo ya kuzingatia kabla ya likizo ya kwanza Kuba

Ukisahau dawa ya meno unapokwenda Zanzibar, unashuka dukani unanunua. Ukiisahau unapokwenda Havana, unaweza kutembea mitaa kumi ukakuta maduka ama yamefungwa, ama yana foleni, ama yanauza ramu na biskuti tu. Niliambiwa hivyo kabla ya safari yangu ya kwanza nikadhani watu wanatia chumvi. Siku ya tatu nilikuwa namwomba mama mwenye nyumba vidonge viwili vya kichwa, na yeye akinipa kutoka kwenye akiba yake ndogo, niliona aibu ambayo sijaisahau. Kwa hiyo maandalizi ya Kuba hufanyika nyumbani, kabla ya kufunga begi.

Anza na karatasi. Kadi ya utalii iliyokuwa ikinunuliwa pamoja na tiketi imeondolewa, na sasa kuna viza ya kielektroniki. Masharti hutofautiana kwa pasipoti: mwenye ya Ujerumani huipata kwa wepesi ambao mwenye ya Tanzania au ya Uganda hapaswi kuutegemea. Uliza ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam au Nairobi, kwa pasipoti yako wewe, usifuate alichofanya rafiki yako anayeishi Ulaya. Ukishapata viza, utajaza fomu ya mtandaoni iitwayo D'Viajeros ndani ya siku saba kabla ya kufika. Fomu hiyo ni ya bure. Tovuti inayokudai dola kwa ajili yake si ya serikali. Msimbo utakaopewa uchapishe kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji palepale unapoihitaji.

Bima ya afya ya safari ni lazima tangu Mei 2010, na iwe imeandikwa wazi kwamba inafanya kazi Kuba. Bima nyingi zenye mkono wa kampuni za Marekani hazifiki huko. Kadi ya njano ya chanjo nayo ibebe. Wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kama Kenya, Uganda na Kongo, huulizwa, na uhamiaji si mahali pa kwenda kubishana ramani ya ugonjwa.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Kwa kawaida watu hupitia Istanbul, Madrid au Paris. Hapa ndugu zetu wa Kongo wawe macho: pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo kwenye orodha ya zile zinazohitaji viza ya kupita hata kwa anayebaki ndani ya uwanja wa ndege wa nchi za Schengen. Kupitia Marekani usikuwaze kabisa. Na wenye pasipoti za Ulaya wajue hili ambalo mawakala wengi hawalitaji: aliyekanyaga Kuba tangu tarehe 12 Januari 2021 hawezi tena kuingia Marekani kwa kibali chepesi cha ESTA. Itabidi aombe viza kamili na akafanyiwe mahojiano ubalozini. Kama una shemeji Minnesota unayemtembelea kila mwaka, pima mwenyewe.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Beba noti za kutosha safari nzima, kisha ongeza kidogo. Kadi iliyotolewa na benki ya Marekani haifanyi kazi Kuba, na hizi nyingine zinaweza kufanya kazi asubuhi zikagoma jioni kwa sababu umeme umekatika au mashine haina noti. Huko hakuna M-Pesa wala ndugu wa kukutumia hela ya dharura kwa dakika mbili. Chukua yuro au dola, noti safi zisizochanika wala kuandikwa kwa kalamu, na nyingi ziwe ndogo: za moja, za tano, za kumi. Ukitoa noti ya mia kulipia teksi ya dola saba, chenji itakuja kwa peso, kwa bei atakayoipanga dereva.

Peso yenyewe ina hadithi. Hadi mwisho wa mwaka 2020 nchi ilikuwa na sarafu mbili, ya wenyeji na ya kubadilishika iliyoitwa CUC. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 CUC ilianza kuondolewa, na leo ni karatasi tu, ila bado kuna vijana wanaowapa wageni kama chenji. Iliyobaki ni CUP, ile peso ya wenyeji. Thamani yake ina bei ya benki na bei ya mtaani, na pengo kati ya hizo mbili limewahi kuwa kubwa mno kiasi kwamba chakula kile kile kiliweza kukugharimu mara kadhaa zaidi kwa kubadilisha pesa mahali pasipofaa. Kubadilisha barabarani kunavunja sheria, na ndiko wengi wanakopigwa. Badilisha kidogo kidogo na umuulize mwenye nyumba bei ya wiki hiyo kabla hujatoka. Malazi na safari ndefu watu wengi hupokea yuro au dola moja kwa moja. Usibadilishe nyingi, kwa sababu peso ukivuka nayo mpaka haina kazi.

Umeme. Mtanzania aliyepitia mgao anaweza kufikiri analijua hili, na kwa kiasi fulani analijua. Lakini tarehe 18 Oktoba 2024 mtambo mkubwa wa Antonio Guiteras huko Matanzas ulizimika na gridi ya nchi nzima ikaanguka, na baada ya hapo imeanguka tena zaidi ya mara moja. Nje ya Havana, saa nyingi za giza kwa siku ni jambo la kawaida. Kukatika kwa umeme wanakuita *apagón*, na utani wao ni kwamba siku hizi kinachofaa kupewa jina ni *alumbrón*, yaani ule muda mfupi umeme unaporudi. Unapotafuta chumba, swali la kwanza lisiwe kiyoyozi. Uliza kama kuna jenereta, betri au sola, na kama maji yanapanda tangini pampu ikiwa haina umeme. Beba tochi ya kichwani, benki ya chaji kubwa, na feni ndogo ya kuchaji ukipata. Plagi zetu za pini tatu nene haziingii kule. Soketi nyingi ni za pini mbili bapa na umeme wa volti 110, ingawa chumba hicho hicho kinaweza kuwa na soketi ya 220. Soma maandishi kwenye chaja yako kabla hujaondoka.

Begi la dawa lisiwe la kubahatisha. Dawa zako za kila siku kwa muda wote na wiki moja ya ziada, za maumivu, za kuhara, chumvi za kuongeza maji mwilini, plasta, pedi, sabuni, karatasi za chooni, mafuta ya kuzuia jua, na dawa ya kufukuza mbu. Mbu wa kule wanaleta dengi, na wanauma mchana, hivyo chandarua peke yake hakitoshi. Maji ya bomba usinywe.

Nenda kati ya Novemba na Aprili ukiweza, wakati wa ukavu. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Na kabla ya kulipia tiketi isiyorudishwa pesa, soma habari za wiki hiyo kuhusu mafuta, maana yakipungua mabasi husimama, magari ya kukodi yanakosa petroli na mpango wa kuzunguka kisiwa kizima unakufa. Kuba ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani: Havana hadi Santiago ni zaidi ya kilomita 800. Kwa mara ya kwanza, Havana, Viñales na mji wa Trinidad zinatosha.

Ukilala *casa particular*, yaani nyumba ya mtu yenye kibali cha kupokea wageni, utapata zaidi ya kitanda. Utaitambua kwa alama ya buluu mlangoni inayofanana na nanga. Huyo mwenye nyumba ndiye atakayekutafutia dereva, mayai na habari. Anwani za Havana hutajwa kwa mtaa pamoja na mitaa miwili inayoubana, mfano 23 kati ya L na M. Iandike hivyo kamili, kwa sababu intaneti si ya kuitegemea. Pakua ramani na kamusi ya Kihispania kwenye simu ukiwa bado nyumbani, pamoja na VPN, kwani huduma kadhaa hufungwa kule. Droni iache, forodha wataichukua.

Kihispania chako kitakuwa cha kubahatisha, sawa, lakini neno moja lisikuponyoke. Sisi papai ni papai. Ukisimama sokoni Havana ukaomba kwa sauti *papaya*, akina mama watacheka na vijana watajibu usichotaka kusikia, kwa sababu upande huo wa kisiwa neno hilo hutaja uchi wa mwanamke. Tunda lenyewe linaitwa *fruta bomba*. Na ukiitwa *mi amor*, yaani mpenzi wangu, na muuza mikate, hajakutongoza. Ukiitwa *mi negro* au *mi negra*, yaani mweusi wangu, mara nyingi ni upendo. Ilinichukua siku mbili kulizoea hilo la pili, na sitamlaumu atakayeshindwa.

Rangi yetu ina upande mwingine pia. Ukiwa mweusi na hujafungua mdomo, utadhaniwa Mkuba. Faida yake ni kwamba papasi wa pale, wanaoitwa *jinetero*, hawakuoni upesi. Hasara ni kwamba polisi au mlinzi wa hoteli anaweza kukusimamisha akuulize kitambulisho huku akiwapita Wazungu. Tembea na nakala ya pasipoti na ukurasa wa viza. Nilisimamishwa mara mbili, na mara zote mbili nakala ilimaliza maneno.

Foleni ya Kuba haionekani kwa macho. Utakuta watu wametawanyika kivulini, mmoja amekaa kwenye ngazi, mwingine anapiga soga ng'ambo ya barabara, ukafikiri hakuna mstari. Upo. Ukifika, uliza kwa sauti: *¿El último?* Aliye wa mwisho atanyoosha mkono, na sasa wa mwisho ni wewe, hadi mwingine aulize nawe umjibu. Ukiingia moja kwa moja dirishani utasemwa mpaka ujute. Teksi za kuchangia, yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yaitwayo *almendrón*, nazo zina njia zake maalumu kama daladala. Taja unakoshukia na uulize nauli kabla hujapanda.

Chakula hakitakushtua. Ni wali na maharage, mihogo, magimbi wanayoyaita *malanga*, bamia, ndizi za kukaanga na juisi ya miwa. Mwislamu ajihadhari na jambo moja: nguruwe yumo karibu kila mahali, na hata maharage yanaweza kupikwa kwa mafuta yake bila nyama kuonekana. Jifunze kusema *sin puerco, sin manteca*, bila nguruwe, bila mafuta yake. Havana ya zamani, mtaa wa Oficios, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2015.

Na hapo ndipo ukaribu wetu unapoanza kudanganya. Utamwona mtu mwenye nguo nyeupe kuanzia kofia hadi viatu, na shanga mikononi. Huenda ni *iyawó*, aliyeingizwa karibuni katika Santería, dini yenye asili ya Wayoruba, na mwaka wake wa kwanza una miiko mingi. Usimpige picha wala kumgusa. Katika Palo Monte, iliyotoka upande wa Kongo, utasikia Nsambi kwa maana ya Mungu, utasikia *nganga*, na hata salamu ya *sala malekum*. Masikio yatasimama. Lakini *nganga* yao si mganga, ni chungu kitakatifu chenyewe, na kukitania kwa kuwa neno umelitambua ni kukosa adabu nyumbani kwa watu.

Muziki ni vilevile. Aliyekulia kwenye rumba ya Kinshasa ataomba rumba Havana au Matanzas na kuletewa ngoma, vijiti na sauti za watu, hakuna gitaa hata moja. Kile unachokitafuta, kilichofika Kongo kwa sahani za santuri miaka ya 1930 na kuzaa rumba ya kwetu, wao wanakiita *son*. Omba son upate gitaa lako. Kisha rudi kwenye zile ngoma, maana ndizo nilizotaka kuzisikia tena nilipofika nyumbani.

Sigara kubwa zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa ni bandia. Nunua dukani na utunze risiti. Bila risiti, zisizidi 20. Siku ya mwisho mwachie mwenye nyumba dawa na sabuni zilizobaki, atakushukuru kuliko kwa bahashishi, na peso zako zimalize kabla ya uwanja wa ndege.

Mimi nilibaki na noti moja tu, nyekundu, ya peso tatu, yenye sura ya Che Guevara. Mzee aliyeniuzia kama kumbukumbu alishangaa nilipomwambia kwamba mwaka 1965, Che alipopita Dar es Salaam na Kigoma kuvuka ziwa kwenda kupigana Kongo, wenzake walijipa majina ya kuhesabu kwa Kiswahili, Moja akiwa Dreke, Mbili akiwa Martínez Tamayo. Akaniuliza Che alikuwa nani. Nikamwonyesha namba iliyo kwenye noti yake.