Hamishia fokasi kwenye kidole gumba

Kama picha za kamera yako hutoka na ukuta wa nyuma ukionekana wazi kabisa huku uso wa mtu una ukungu, tenganisha kazi mbili ambazo kitufe cha kupigia hufanya kwa pamoja: kufokasi (kurekebisha lenzi ili unachopiga kionekane wazi) na kupiga. Ingia kwenye menyu, zima fokasi kwenye kitufe cha kupigia, kisha kazi hiyo ikabidhi AF-ON, kile kitufe cha nyuma kilicho karibu na gumba. Kama huna AF-ON, Nikon nyingi hukuruhusu kutumia AE-L/AF-L, na Canon nyingi kile chenye alama ya nyota.

Halafu iache kamera kwenye fokasi endelevu, yaani AF-C, au Servo kwa Canon. Hapo ndipo utamu ulipo! Mtoto anakimbia? Shikilia gumba, fokasi imfuate. Ametulia? Fokasi kwenye jicho, achia gumba, panga fremu upya, piga utakavyo. Lenzi haihangaiki tena kutafuta. Ila mmoja wenu akisogea hata kidogo, bonyeza upya, hasa ukiwa kwenye f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana na sehemu inayoonekana wazi ikiwa nyembamba.

Na ukimpa mtu kamera akupige, rudisha kwanza mpangilio wa kawaida.