Kafunga Ngapi? Namna ya Kumpima Kijana wa Kikapu wa Chuo Baada ya Mechi

Mechi ya vyuo ikiisha, kwenye daladala ya kurudi Sabasaba swali huwa moja: nani kafunga ngapi? Mwenye pointi 17 ndiye nyota, mwenye 8 "bado sana". Hesabu hiyo inaeleza mechi ya leo ilivyokwenda. Haielezi kama kijana wa mwaka wa kwanza amesogea au yuko palepale alipokuwa Novemba. Kwa hilo unahitaji daftari, kalamu, mechi tano na uvumilivu wa kumtazama mtu asiye na mpira.

Chagua wachezaji wawili, usizidishe. Uwanjani wapo kumi, na ukitaka kuwafuata wote utaishia kuufuata mpira, ambao huwa kwa mtu mmoja tu. Mpe kila mmoja ukurasa wake na uugawe sehemu nne, kila sehemu robo moja ya dakika 10. Akiingia andika muda, akitoka andika muda. Halafu tumia alama fupi, kwa sababu mkono ukichelewa jicho linakosa shambulizi linalofuata:

2, 3 au 1: amejaribu kufunga, kwa pointi hizo (1 ni mtupo huru, ule wa baada ya faulo bila mlinzi). Ikiingia, izungushie duara.
w: iweke juu ya 2 au 3 ikiwa alikuwa wazi, yaani mlinzi yuko mbali kuliko urefu wa mkono.
P: pasi iliyozaa kikapu. p ndogo: pasi nzuri, aliyeipokea akakosa.
R: ribaundi, yaani amedaka mpira baada ya mtu kurusha na kukosa. Weka mshale wa juu kama ni kwenye goli la wapinzani.
X: amepoteza mpira.
L: amepitwa, au amemsahau mtu wake.
F: faulo.

Hiyo p ndogo ndiyo alama yenye thamani kuliko zote, na ndiyo watu huisahau. Kijana anaweza kuwatengenezea wenzake nafasi sita za wazi chini ya goli, wakakosa tano, na rekodi ikasema ana pasi moja ya kikapu. Kazi yake aliifanya sawasawa. Ukimpima kwa mikono ya wenzake unamwonea.

Usitegemee meza ya waamuzi ikupe haya. Karatasi rasmi ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inaandika vikapu vilivyoingia, faulo na mapumziko ya timu, lakini majaribio yaliyokosa na ribaundi havimo. Hata hivyo omba ruhusa uipige picha mechi ikiisha, kwani inasaidia kusahihisha daftari lako. Mstari wa mshazari ni pointi mbili, nukta iliyojazwa ni mtupo huru, na namba ya mchezaji ikizungushiwa duara ni pointi tatu. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa wino mwekundu, ya pili na ya nne kwa bluu au mweusi, hivyo utaona haraka pointi za kijana wako zilikuja lini. Kumi zikiwa zimekuja robo ya nne wakati timu iko mbele kwa 25, ziandikie alama pembeni. Muda huo walinzi walishaanza kuwaza maji ya kunywa.

Sasa kaa chini upige hesabu. Tuseme namba 9 amemaliza na pointi 17: vikapu 5 kati ya 12 vya pointi mbili, 1 kati ya 6 vya pointi tatu, na mitupo huru 4 kati ya 8. Namba 14 ana pointi 8: 3 kati ya 5 vya pointi mbili, 0 kati ya 1 cha tatu, mitupo huru 2 kati ya 2. Chukua vikapu vyote, ongeza nusu ya vile vya pointi tatu, gawanya kwa majaribio. Namba 9 anapata 6.5 kugawanya kwa 18, sawa na asilimia 36. Namba 14 anapata 3 kugawanya kwa 6, asilimia 50. Ukitaka mitupo huru nayo iingie, zidisha idadi ya mitupo huru aliyorusha kwa 0.44, ongeza majaribio ya kawaida, zidisha jumla kwa 2, kisha gawanya pointi kwa jibu hilo. Namba 9 anatoka na 0.39 na namba 14 anatoka na 0.58. (Ni 0.44 badala ya nusu kwa sababu si kila mtupo huru huja kwa jozi; upo ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kilichoingia na faulo.)

Usikimbilie kusema namba 14 ni bora. Majaribio sita ni machache, na pengine namba 9 ndiye anayerushiwa mpira sekunde 24 za kushambulia zikikaribia kwisha na hakuna mwingine anayeutaka. Rudi kwenye alama za w. Kama kati ya majaribio yake 18 yaliyokuwa wazi ni manne, tatizo lake ni uchaguzi: anarusha akiwa na mtu usoni. Hilo hurekebishika ndani ya muhula mmoja. Kama kumi na mawili yalikuwa wazi na bado hayakuingia, tatizo ni mkono, na mkono huchukua mwaka au zaidi. Asilimia ni ileile katika hali zote mbili, ila ugonjwa ni tofauti.

Pointi tatu za mechi moja zisikudanganye. Mchezaji ambaye kwa kawaida huingiza asilimia 30, akirusha mara sita, atakosa zote takriban mara moja katika kila mechi nane au tisa, na ataingiza nne au zaidi takriban mara moja katika kila mechi kumi na nne. Yote mawili yatatokea bila yeye kubadilika hata kidogo. Mashabiki wataiita siku ya kwanza "ameshuka" na ya pili "ameiva". Kusanya walau majaribio 50 kabla hujatamka neno kuhusu mkono wake wa mbali. Mitupo huru ni kipimo cha uaminifu zaidi: umbali haubadiliki, mita 4.60 kutoka usawa wa ubao, na hakuna mlinzi. Kijana anayepanda kutoka nusu hadi saba kati ya kumi katika mitupo huru, na kiwiko kimeacha kutoka nje, mpe muda. Mara nyingi mitupo ya mbali hufuata.

Hapa Dodoma kuna jambo la ziada: upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba kwenye kiwanja cha wazi cha saruji, mpira wa pointi tatu unaweza kusukumwa hewani, na vumbi hugeuza sakafu kuwa utelezi. Andika juu ya ukurasa upepo unatoka goli lipi. Timu hubadilishana magoli baada ya mapumziko ya nusu, kwa hiyo unaweza kulinganisha nusu mbili za mtu yuleyule. Akikosa zote upande wa upepo na kuingiza upande mwingine, si kosa la mkono. Cha kutazama ni kama alitambua: je, aliacha kurusha kutoka mbali na kuanza kuvamia goli? Kijana wa miaka 19 anayebadilisha mchezo kwa sababu ya upepo bila kuambiwa na kocha ana kitu kichwani.

Miguu ndiyo sehemu ambayo ukuaji huonekana mapema kuliko yote, na ndiyo isiyotazamwa. Chagua dakika tatu katika kila robo ambapo hutazami mpira kabisa. Mtazame mtu wako akilinda mbali na mpira, tuseme mpira uko kulia naye analinda kona ya kushoto. Anayeanza husimama amenyooka magoti, kamkazia macho mtu wake, au kibaya zaidi anautazama mpira tu na mtu wake anampita kwa nyuma hadi chini ya goli. Aliyesogea hatua moja mbele kimafunzo husimama pembeni kidogo, magoti yamekunjwa, kidole kimoja kinamwonyesha mtu wake na kingine mpira, na kila mpira unapohama naye anahama hatua moja au mbili. Halafu tazama anachofanya mpinzani akirusha. Wengi hugeuka kuangalia mpira angani. Mwenye mafunzo kwanza humtafuta mtu wake, humwekea mgongo, ndipo anatafuta mpira. Anaweza asipate ribaundi hata moja na bado awe ameipa timu yake nne.

Kwenye skrini, yaani mpinzani anaposimama njiani kumzuia mlinzi asimfuate mtu wake, tazama hatua ya kwanza tu. Anajibanza na kupita juu ya skrini, anazunguka chini, au anagongana nayo na kusimama? Akigongana mara tano robo ya kwanza na mara mbili robo ya nne, umeona ukuaji ndani ya mechi moja, jambo ambalo pointi haziwezi kukuonyesha.

Hapa mfano wa Hashim Thabit, Mtanzania aliyefika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, unafaa, maana wengi huusimulia nusu. Katika misimu yake mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, kuanzia 2006, wastani wake wa pointi ulikwenda 6.2, kisha 10.5, kisha 13.6. Mipira aliyozuia ilikuwa 3.8, 4.5 na 4.2. Ona tofauti. Kuzuia kulikuja na urefu wake, zaidi ya mita 2.2, na kulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kufunga na ribaundi ndiko kulikokua. Mwaka 2009 Memphis ilimchagua wa pili katika uteuzi wa NBA, na huko, mbele ya watu wenye miili mizito na kasi, urefu pekee haukumtosha. Kwa hiyo ukimwona senta mrefu wa mwaka wa kwanza anazuia mipira minne, furahi, lakini usiandike "amekua". Andika ni nini hakikuwepo mechi iliyopita.

Ukilinganisha takwimu zetu na za vyuo vya Marekani, kumbuka saa yao ya shambulizi ni sekunde 30, yetu ya FIBA ni 24, na wanaume wao hucheza nusu mbili za dakika 20. Dakika za jumla ni zilezile 40.

Dakika nazo zina mtego wake. Aliyecheza dakika 20 akafunga 6 unaweza kusema ni 12 kwa dakika 40, ila kwa aliyecheza chini ya dakika 10 hesabu hiyo ni upuuzi; kikapu kimoja cha bahati kinamfanya mfalme. Andika pia ni nani alikuwa anamlinda yeye. Kufunga 14 mbele ya mwaka wa kwanza mwenzake si sawa na kufunga 9 mbele ya nahodha wa wapinzani.

Mwisho wa mechi, kama unafahamiana naye, muulize kabla ya kuhukumu. Kitu kimoja tu, na kiwe swali: "Mdogo wangu, robo ya tatu yule namba 6 alikuwa anapita kushoto kwako kila mara. Kocha alikwambia umpeleke huko, au alikuzidi mbio?" Mara nyingi utajibiwa, "Kaka, tuliambiwa tumsukume kushoto, hana mkono wa kushoto." Hapo futa L zote tatu. Makosa mengi yanayoandikwa na mashabiki ni maagizo ya kocha. Na usimfuate akiwa anatoka uwanjani kichwa chini baada ya kufungwa. Ngoja kesho yake.

Baada ya mechi tano, tengeneza ukurasa mmoja wa jumla wenye mistari minne: X kwa kila dakika 10, L kwa kila dakika 10, sehemu ya majaribio yenye w, na mitupo huru. Pointi ziache chini kabisa. Kwa kawaida X hushuka kwanza, kisha L, kisha w hupanda, na asilimia ya kufunga huja mwisho. Kijana ambaye X zake zimepungua kutoka nne hadi mbili huku pointi zikibaki 7 anakwenda vizuri. Yule ambaye pointi zimepanda na X zimepanda pamoja nazo ameongezewa mipira tu.

Weka tarehe kila ukurasa, na alama ya pekee kwa mechi za karibu na mitihani. Miguu ya mtu aliyekesha na vitabu hadi saa tisa usiku inafanana sana na miguu ya mtu asiyejua kulinda.