Mheshimiwa akituma taarifa ya elimu, mzazi wa Mombasa fanya hivi

Skuli zikikaribia kufunguliwa magrupu ya wasap ya mtaa hujaa mapicha, mheshimiwa ameshika hundi ya kadibodi kubwa kuliko yeye, mheshimiwa akata utepe, na chini yake taarifa ndefu ya tumetenga tumejenga tutatoa. Watu huweka maua na makofi basi imeisha. Lakini ile taarifa ukijua kuisoma yaweza kukulipia karo ya mtoto, na usipojua utazungushwa ofisi hadi muhula uishe.

Kwanza kabisa angalia nani ametuma. Hapa ndo wengi wetu tunapotea manake kwetu sisi wote ni "mheshimiwa" tu. Katiba ya Kenya ya 2010 kwa Ratiba ya Nne imegawa kazi, kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya mtaani, serikali kuu ikabaki na praimari, sekondari na vyuo vikuu. Kwa hivyo choo cha praimari kikiwa kimebomoka Kongowea ukimfuata MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) atakusikiliza vizuri, atakupa hata soda, lakini hilo halina bajeti kwake, hilo ni la mbunge na NG-CDF (mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya eneo bunge) au wizara. Na darasa la chekechea likikosa mwalimu usimlaumu mbunge, nenda kaunti. Mombasa tuna maeneo bunge 6 na wadi 30, jua zako zote mbili kabla hujatoka nyumbani, manake kuna watu wakaa Mtopanga, ambayo ni eneo bunge la Kisauni, na wanapanga foleni Nyali.

Basari nazo, yaani hela za kusaidia karo, ziko vyungu tofauti. Kuna ya NG-CDF ya eneo bunge, kuna ya kaunti, na kuna ya ofisi ya mwakilishi wa wanawake kupitia NGAAF (mfuko wa serikali kuu wa kuinua makundi yaliyoachwa nyuma), hii watu wengi hata hawaikumbuki. Uliza zote, kila moja ina fomu yake. Ila kabla hujajaza ulizia kama hela iko na tarehe ya mwisho ni lini, kwa sababu huku juu wanavutana. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF iko kinyume na katiba ikaipa hadi 30 Juni 2026, mambo yakaenda rufaa, halafu Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o akaziandikia kaunti waraka zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu, magavana wakakimbilia kotini. Wakubwa wakivutana ni mtoto wako anayerudishwa nyumbani, so usingojee posti ya pili, nenda ofisini uulize mwenyewe.

Sasa makaratasi, hapa twende polepole. Fomu ni ya bure, yeyote anayekuuzia mpishe. Andaa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, foto kopi ya kitambulisho chako pande zote mbili kwa karatasi moja (wengine hupiga upande mmoja tu halafu wanarudishwa kwenye foleni), barua ya kujiunga na skuli au ripoti ya muhula uliopita, na mchanganuo wa karo wenye muhuri wa skuli. Kama ni yatima beba cheti cha kifo cha mzazi, kama mtoto ni mlemavu beba kadi yake. Fomu nyingi zina sehemu ya chifu au naibu wake na nyingine za imamu au padri. Chifu nenda asubuhi mapema siku za katikati ya wiki, Jumatatu hapaingiliki na Ijumaa ikifika saa tano na nusu watu wako njiani kwenda kuswali.

Kitu kinachoangusha fomu nyingi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed Ali Said, skuli wameandika Muhammad Ali, na mama kwa haraka zake amejaza jina ambalo mtoto aitwa nyumbani. Yule anayeingiza kwa kompyuta hana habari kwamba ni mtoto mmoja. Andika kama cheti kinavyosema, herufi kwa herufi, na nambari ya usajili ya mtoto skulini iweke hapo. Jina la skuli pia liandike lote, hela hailetwi mkononi mwako, inaenda skuli moja kwa moja. Ukishamaliza piga picha fomu nzima kwa simu kabla hujaipeleka, na uombe wakugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Watakuangalia vibaya kidogo, wacha wakuangalie.

Kwa upande wa karo jua namba zako usije ukatishwa. Bweni kwa skuli za ngazi ya kitaifa kiwango cha serikali ni shilingi 53,554 kwa mwaka, bweni za chini yake 40,535, na kutwa ada ya masomo haipo, utalipa chakula, yunifomu na vitu vidogo vidogo. Serikali imeahidi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliambia kamati ya bunge kwamba wanachoweza ni karibu 16,900, ndo maana mwalimu mkuu analia kila siku na wewe unaitishwa "ya dharura". Muulize hiyo dharura imepitishwa na bodi lini.

Na mheshimiwa akiandika amejenga maabara, usipite tu. Watoto wa kwanza wa CBC (mtaala mpya wa umilisi) waliingia gredi ya 10 Januari 2026 na huko wanachagua njia, sayansi na teknolojia, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Jengo bila vifaa wala mwalimu wa fizikia ni ukumbi tu bana. Uliza limekabidhiwa? Lina maji? Lina mtu wa kufundisha? Mi naona haya maswali matatu yanazidi hotuba nzima ya uzinduzi.

Ukijibiwa maneno matupu andika barua. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inasema ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Ukurasa mmoja watosha: basari ya wadi fulani mwaka fulani ilikuwa ngapi, waliopata ni wangapi, skuli gani. Usiweke matusi, matusi yanawapa sababu ya kutokujibu. Bajeti nayo ya kaunti inafika bunge la kaunti mwisho wa Aprili na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hivyo ukiona tangazo la vikao vya maoni ya umma nenda na jirani zako, hata watano, mkaseme chekechea ya mtaa wenu haina dari.

Hela ikishatangazwa imetoka usishangilie bado. Pita kwa karani wa karo skuli, mtajie nambari ya hundi kama umepewa, aangalie kama imeingia kwa jina la mtoto, halafu udai risiti na salio liandikwe upya mbele yako.