Kupima Suheli kwa rula, macho na wembe

Mimi ni mpima ardhi. Miaka ishirini na kitu nimebeba theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, nimechomeka vigingi na kugombezwa na wenye mashamba wanaoapa kuwa bikoni, alama ya mpaka, imehama usiku. Naishi Pangani. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha, na kwake Suheli lilikuwa jina la nyota na pia jina la upande wa kusini, kama Jaa ilivyokuwa kaskazini. Vitabu vya kizungu vinaiita Canopus. Babu alihitaji upande tu, chombo kifike. Mimi, kwa ugonjwa wa kazi yangu, nilitaka kujua kile kigingi kiko mbali kiasi gani.

Haya ndiyo niliyojifunza kufanya, kwa utaratibu uleule ninaotumia kumfundisha kijana mpya wa kushika fimbo. Usianze na nyota. Anza na kitu ambacho jibu lake unaweza kulihakiki.

Chukua rula ya shule, uzi usionyumbuka, vigingi viwili na tepu. Funga uzi kwenye rula, ncha nyingine ibane shavuni chini ya jicho, na urefu wa uzi uwe sentimita 57. Ukiukaza, kila sentimita ya rula inafunika digrii moja. Hakuna uchawi: duara ambalo kitovu chake kiko sentimita 57.3 kutoka ukingoni lina mzingo wa sentimita 360.

Sasa nenda mtoni. Nilichagua mnazi mmoja ng'ambo, na nyuma yake mbali sana, kama kilomita 5, kulikuwa na mnara wa simu. Kigingi cha kwanza nilikichomeka pale ambapo mnazi uliufunika mnara sawasawa. Kisha nikapima mita 20 kwenda pembeni, kwa pembe mraba, nikachomeka cha pili. Kutoka hapo mnazi ulikuwa umeachana na mnara kwa sentimita 5 za rula, yaani digrii 5. Zidisha hatua yako ya pembeni kwa 57, gawanya kwa digrii: 20 × 57 ÷ 5 = mita 228.

Siku nyingine nilipita na chombo cha kazini, kikanipa mita 214. Nilidhani mkono ulitetemeka. Ulitetemeka kweli, lakini sehemu kubwa ya kosa ilitoka kwenye mnara. Nilipohama mita 20 mnara nao ulihama, kidogo, karibu robo ya digrii, na mimi nilikuwa nimeuhesabu kama kitu kisichosogea. Kosa hili litakumbuke, maana linatufuata hadi mbinguni.

Kwa nyota, mita 20 hazitoshi, wala kutoka Pangani hadi Cape Town hakutoshi. Hatua ya pembeni inayotumika ni safari ya Dunia kulizunguka Jua. Ukiangalia nyota leo na tena baada ya miezi sita, umehama karibu kilomita milioni 300 bila kunyanyuka kitini. Kwa desturi huchukuliwa nusu ya hapo, umbali wa Dunia hadi Jua, nao huitwa kizio kimoja cha astronomia. Nyota ya karibu itaonekana imesogea mbele ya nyota za mbali, na kusogea huko kunaitwa paralaksi. Hesabu ni ileile ya mnazi, ila pembe ni ndogo mno, hivyo tunaacha digrii na kutumia sekunde, ambazo digrii moja inazo 3,600. Zidisha 57.3 kamili kamili kwa 3,600 utapata 206,265, na hiyo ndiyo inashika nafasi ya 57 yetu.

Alpha Centauri, ile kali iliyo pembeni ya Msalaba wa Kusini, ina paralaksi ya sekunde 0.75. Gawanya 206,265 kwa 0.75: vizio 275,000 na kidogo. Mwaka mmoja wa nuru una vizio 63,241, kwa hiyo ni miaka ya nuru 4.35. Umemaliza. Wanaastronomia wenyewe ni wavivu zaidi yetu: wanagawanya 1 kwa paralaksi na jibu wanaliita parseki, ambayo ni miaka ya nuru 3.26.

Ugumu uko kwenye kuipata hiyo pembe. Sekunde moja ni upana wa sarafu ya sentimita 2 na nusu ikiangaliwa kutoka kilomita 5. Thomas Henderson aliipima Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, lakini alikiogopa chombo chake na hakutangaza mpaka 1839, akisema karibu sekunde 1. Kufikia hapo Friedrich Bessel alikuwa ameshatangulia, mwaka 1838, kwa nyota hafifu iitwayo 61 Cygni, akipata sekunde 0.31. Namwonea huruma Henderson. Mpima yeyote aliyewahi kulala na daftari la vipimo asivyoviamini atamwelewa. Rasi hiyohiyo baadaye ilimpata David Gill, aliyepima paralaksi za nyota, na ndiye aliyeanzisha wazo la kupima safu ya pembetatu kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika kwenye meridiani ya 30, yaani mstari wa longitudo wa digrii 30 mashariki. Ramani zetu za zamani zilizoandikwa Arc 1960, jina la mfumo wa vipimo vyake, ni wajukuu wa wazo hilo. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba nyota si kazi ya wapima ardhi.

Na ule mnara? Bessel alilinganisha nyota yake na nyota za nyuma, ambazo nazo husogea kidogo. Dawa ilipatikana angani. Setilaiti Hipparcos, iliyorushwa 1989, na Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kufanya vipimo hadi mwanzoni mwa 2025, zilitazama pande mbili za mbingu kwa mpigo, ili minara yote ipimane yenyewe kwa yenyewe. Gaia ilipima nyota karibu bilioni 2. Suheli, kwa bahati mbaya, ni kali mno kwa kamera zake, hivyo bado tunategemea Hipparcos: sekunde 0.0105, takriban miaka ya nuru 310, na kosa la asilimia 5 hivi. Mnazi wangu ulikuwa na asilimia 6 na nusu. Nilifurahi kupita kiasi.

Mwangaza ni somo ambalo mtu wa pwani hulijua tayari. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na ukiwa ufukweni huwezi kusema kama taa hii hafifu ni karabai ya mbali au kibatari cha hapo karibu. Kanuni ni kwamba taa ikienda mbali mara mbili, mwanga unaokufikia unabaki robo. Mara tatu, sehemu moja ya tisa.

Daraja za mwangaza zinahesabiwa kama nafasi darasani: namba ndogo ndiyo bora. Wagiriki wa kale waligawa nyota za macho katika daraja sita, na mwaka 1856 Norman Pogson akaziwekea hesabu: tofauti ya daraja 5 ni mara 100 za mwanga, hivyo daraja moja ni kama mara 2.5. Nyota kali kupita zote usiku, Sirius, iko −1.46. Suheli ni ya pili, −0.74. Kwa macho Sirius inaizidi Suheli karibu mara mbili. Lakini Sirius iko miaka ya nuru 8.6 tu. Suheli iko mbali mara 36, na 36 mara 36 ni karibu 1,300. Gawanya kwa hizo mbili: Suheli inatoa mwanga kama Sirius 650, na ukilinganisha na Jua ni zaidi ya mara 10,000. Ile ni karabai. Sirius ni kibatari cha jirani. Ukitaka kuziona pamoja, toka Februari saa 3 usiku: Sirius juu yako, Suheli kusini.

Kujua nyota ni kitu gani, anza na macho makavu. Angalia Jabari, kundi la nyota ambalo vitabu vya kizungu vinaliita Orion: bega moja, Betelgeuse, lina wekundu, na mguu, Rigel, ni mweupe wa kibuluu. Rangi hiyo ni joto. Fundi chuma anaijua, maana chuma huanza chekundu, kikizidi joto huwa njano, kisha cheupe. Kwa kelvini, kipimo cha joto cha wanasayansi, Betelgeuse ina 3,500 hivi, Jua 5,772, Rigel karibu 12,000.

Kisha tengeneza boksi. La viatu linafaa. Upande mmoja kata dirisha dogo, na juu yake bandika nyembe mbili zikitazamana, nafasi kati yake iwe nyembamba kama karatasi mbili tatu. Upande wa pili, ndani, egemeza CD ya zamani kwa mshazari wa digrii 60 hivi, na toboa tundu la kuchungulia juu yake. Mistari ya CD imeachana kwa mikromita 1.6, na hiyo inatosha kuutawanya mwanga. Elekeza mwanya kwenye balbu ya zamani ya waya: upinde wa mvua usio na pengo. Elekeza kwenye tyubulaiti: mistari, na wa kijani unajitokeza sana, huo ni zebaki. Nyunyizia chumvi kwenye moto wa jiko la gesi: mstari wa njano wa sodiamu. Mchana elekeza kwenye wingu jeupe, kamwe si kwenye Jua lenyewe, na ukiwa mvumilivu utaona vijistari vyeusi. Mmoja upo palepale pa njano ya chumvi. Joseph Fraunhofer alivichora mwaka 1814. Kirchhoff na Bunsen walieleza maana yake miaka ya 1859 na 1860. Gesi baridi zaidi iliyo juu ya Jua imekula rangi zilezile ambazo ingezitoa ikiwaka.

Boksi langu halioni nyota, mwanga hautoshi. Kazi hiyo inataka darubini. Annie Jump Cannon alizipanga nyota kwa mistari hiyo, O, B, A, F, G, K, M, kutoka moto zaidi hadi baridi. Mwaka 1925 Cecilia Payne akaonyesha kwamba tofauti za mistari zinatokana hasa na joto, na kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni. Wakubwa wake hawakukubali kwa urahisi.

Sasa rudi kwa Suheli. Joto lake ni kama kelvini 7,400, mara 1.28 ya Jua. Kila mita ya mraba inayowaka inatoa mwanga kwa joto lililozidishwa lenyewe mara nne, yaani mara 2.7 ya Jua. Mwanga wote ni wa Majua elfu kumi na kitu, tuseme 13,000. Gawanya, tafuta kipeuo cha pili: ina upana wa Majua 70. Babu alikuwa akilenga omo kwenye kitu hicho.

Nyota zilizo mbali kuliko paralaksi inavyoweza zinahitaji karabai yenye lebo. Henrietta Leavitt, akichunguza picha za Wingu Dogo la Magellan, kundi kubwa la nyota lililo mbali sana angani kusini, alionyesha mwaka 1912 kwa nyota 25 kwamba aina fulani ya nyota zinazopanda na kushuka mwangaza, Sefeidi, zina siri moja: inayochukua siku nyingi ndiyo yenye mwanga mwingi. Hesabu siku, utajua ukubwa wa taa.

Hii unaifanya bila darubini. Mwanzo wa Septemba, saa 3 usiku, tafuta Altair karibu na utosi. Pungufu kidogo ya ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, kusini yake, kuna Eta Aquilae, katikati ya nyota jirani zake Delta na Theta. Kaa gizani dakika 20 kwanza, simu mfukoni. Linganisha: ikikaribia Delta andika 3.5, ikififia kama Iota, jirani yake wa magharibi, andika 4.4, katikati kadiria. Usikodoe nyota moja muda mrefu, jicho hudanganyika.

Mimi nilipata usiku 31 katika siku 45. Zilizobaki zilichukuliwa na mawingu na mbalamwezi. Mvuvi mmoja aliyekuwa akisubiri maji aliniuliza, "Bwana Mpima, huko juu nako kuna viwanja?" Nikamwambia nasubiri taa ipungue. Akasema nyota haina mafuta ya kupungua. Usiku wa tatu nilimwonyesha tena, akanyamaza, kisha akaenda zake majini.

Kutoka kufifia kwa kwanza hadi kwa sita zilipita siku 36, na 36 ÷ 5 ni 7.2. Thamani inayokubalika ni 7.18. Jedwali za Sefeidi zinaipa nyota ya siku hizo mwangaza halisi wa karibu −3.7, yaani ingeonekana hivyo ikiwekwa parseki 10. Mimi naiona kwa wastani 3.9. Tofauti ni 7.6. Gawanya kwa 5, ongeza 1, inua 10 kwa kipeo cha 2.52: parseki 331, miaka ya nuru 1,080.

Jibu hilo limezidi. Kati yetu kuna vumbi, na vumbi hufanya kama ukungu wa alfajiri kwenye taa za dagaa: hufifisha na kuongeza wekundu, nawe unadhani mashua iko mbali. Wenye vifaa hupima rangi ya nyota, huilinganisha na ile ambayo spektra, yaani mwanga wake uliotawanywa kuwa rangi na mistari, inasema ingepaswa kuwa nayo, na wekundu uliozidi huwaambia ukungu ni mzito kiasi gani. Kwa Eta Aquilae ni kama daraja 0.4. Ukiliondoa inabaki 7.2, na umbali unashuka hadi miaka ya nuru 900. Katika daftari langu la uwandani 1,080 imeandikwa kwa kalamu, maana niliipima mwenyewe, na 900 kwa penseli.