Msamaha wa ada za shule za sheria Marekani: omba kwanza, lipa baadaye

Mwezi uliopita nilimaliza kutuma maombi yangu ya shule za sheria hapa Marekani. Zaidi ya dola 200 zilinitoka bure, na sitaki zikutoke wewe.

Mshauri mmoja wa chuo nilikosoma aliniambia niwahi kujisajili LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria, habari za msamaha zitafuata. Nikalipa pesa ya zamu mbili za usiku. Wiki chache baadaye msamaha ukakubaliwa, lakini nilichokwisha kulipa hakikurudi. LSAC, wanaoendesha mtihani huo, hawarudishi ada iliyolipwa kabla ya msamaha kupita. Kwa hiyo ukishafungua akaunti yako kwao, usiguse ukurasa wa malipo. Nenda moja kwa moja kwenye ombi la msamaha, na ulianze mapema, angalau wiki 6 kabla ya siku ya mwisho ya kujisajili mtihani.

Msamaha huu ni wa raia wa Marekani au Kanada, wenye grini kadi, na makundi mengine machache yaliyotajwa kwenye tovuti yao. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi na sasa wana grini kadi wamo kabisa, wala wasijihesabu kuwa wageni katika hili. Utaulizwa kipato na idadi ya watu wa nyumbani, na utaambatisha fomu ya kodi, ile 1040, ya mwaka wa karibuni. Kama mzazi bado anakuandika kama tegemezi kwenye kodi yake, mweleze mapema, maana karatasi zake nazo zitahitajika. Mama yangu alidhani ninataka kumchunguza mshahara, tukapoteza siku 4 kuelewana.

Msamaha una ngazi mbili. Ya kwanza inakupa mitihani 2 ya LSAT, usajili wa CAS, ambao ndio unaokusanya transkripti na barua zako za mapendekezo, pamoja na ripoti 6 za kupeleka shuleni. Ya pili inakupa mtihani 1, CAS na ripoti 3. Zote zina mwaka mmoja wa mitihani ya mazoezi kwenye LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC, na msamaha hudumu miaka 2. Ukikataliwa, kata rufaa. Kama kazi imeisha au kipato kimeshuka tangu ulipojaza kodi, lieleze hilo na uambatishe ushahidi.

Hapo umemalizana na LSAC tu. Ada ya maombi ya kila shule ni jambo jingine. Shule nyingi huiondoa zenyewe zikiona una msamaha wa LSAC, nyingine husubiri uombe. Waandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi: jina, namba yako ya LSAC, kwamba una msamaha au kipato chako ni kidogo, na sababu moja ya kweli ya kuipenda shule hiyo. Mimi niliandikia shule 5, na 4 zilikubali. Jiunge pia na CRS, huduma inayoziruhusu shule kukutafuta, ndani ya akaunti yako ya LSAC. Ni bure, na shule zikipenda alama zako hukutumia msamaha bila kuombwa.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba shule ikikusamehe ada yake, ripoti ya CAS bado inalipiwa dola 45 ukishamaliza zile za msamaha. Zitumie za bure kwa shule unazozitaka kweli. Na kama ulisoma Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, chuo chako kinaweza kudai ada ya kutuma transkripti. Hiyo msamaha wa LSAC hauifikii, itengee pesa.

Kabla ya kutuma ombi la shule, tazama ukurasa wa malipo. Ada ya maombi ya shule lazima isome sifuri. Isiposoma hivyo, usilipe ukitumaini watakurudishia. Funga ukurasa, waandikie udahili, usubiri wairekebishe.